Faili Zima

Mwende alinipigia simu nikiwa nasahihisha insha za kidato cha pili, akajitambulisha kwa jina la baba yake kabla hajataja lake. "Mimi ni binti yake Mutua, yule fundi wa Ukunda wa zamani. Sijui kama unamkumbuka." Kumkumbuka! Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikipita Ukunda nikigeuzia uso upande wa pili wa barabara kila nifikapo pale palipokuwa na duka lake, nikijifanya nasoma mabango. Akaniambia baba yake amefariki, wamemzika kwao Ukambani, na mwisho wa wiki yeye atashuka Diani kwa mkutano wa kikazi hotelini. Alikuwa na bahasha yangu. Nikampa pole, nikamwambia karibu mwanangu, tutaonana Jumamosi. Baada ya hapo nilikuwa na kipindi na kidato cha nne. Niliwaambia wasome kimya, nikakaa mbele yao nikitazama ukuta wa nyuma mpaka kengele ikalia.

Sina haja ya kumzungusha msomaji. Mwaka wa tisini na nane nilifanya kosa kwa mkono wangu mwenyewe, kosa la maneno mawili, na aliyelibeba ni Mutua. Mimi nilijua, naye alijua, na hakuwapo mtu wa tatu aliyejua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina cheti cha kupiga chapa kutoka chuo kimoja cha Mombasa, na nina kiburi cha Kiswahili ambacho sikukisomea popote, nilikinyonya tu. Leo mwalimu mkuu hunisifu mbele ya wazazi kwamba ngeli nikizifunza mimi zinaingia. Kila akisema hivyo mimi huangalia viatu vyangu.

Kazi iliyonipeleka Kinondo ilikuwa hii. Mwalimu Suleimani alikuwa amestaafu, macho yameanza kuingia ukungu, na ukoo wake ulikuwa na kipande cha ardhi karibu na ufuo, kiitwacho Kwa Mbega, ambamo walizikwa wakubwa wao. Makaburi hayakuwa na majina, ni mawe ya matumbawe tu kichwani na miguuni, na mengine yalikuwa yamekwisha kumezwa na mizizi. Ndipo akatokea bwana mmoja wa mjini mwenye hati, akasema pale ni kichaka kitupu na hapakuwahi kukaa wala kuzikwa mtu. Mwezi wa tisa kikao cha mashamba kingekaa Kwale kuzisikiliza pande mbili. Mwalimu hakuwa na hati. Alichokuwa nacho ni wazee saba waliojua nani amelala wapi, na katika hao ni mmoja tu, Bi Mejumaa, aliyekuwa ameyashuhudia maziko yale kwa macho yake. Wale sita walisimulia walichosimuliwa. Kazi yangu ilikuwa kuwaandika wote, neno kwa neno, kwenye kompyuta, ili karatasi zipelekwe Kwale zikasimame mbele ya ile hati.

Kompyuta yenyewe Mwalimu aliachiwa na Mzungu mmoja aliyekaa Kinondo miezi kadhaa akihesabu ndege. Wanafunzi wangu nawafundisha kuiita kipakatalishi, lakini mwaka ule sote tuliita laptopu na mambo yakaenda. Ilikuwa ya kijivu, nzito, ukiipakata dakika kumi unatafuta pa kuitua, na kila ilipowashwa ilitoa harufu ya vumbi linaloungua. Betri yake ilikuwa imekufa kabla yangu, kwa hiyo haikuweza kuwaendea wazee. Wao ndio waliokuja kwa Mwalimu, penye umeme. Tulikaa chumba cha mbele, chenye kitanda cha kamba na rafu ya madaftari ya shule ya miaka na miaka. Kwenye saa nne mkewe Mwalimu alituletea chai ya tangawizi na mihogo ya nazi, akaketi mlangoni kusikiliza, akaanza kuwakosoa mashahidi mpaka Mwalimu akamtuma jikoni kwa adabu. Nilipenda kuwa pale. Sijapata tena kazi niliyoiamkia hivyo.

Bi Mejumaa aliletwa kwa baiskeli, amekalishwa nyuma, mkwewe akiisukuma kwa miguu toka mwanzo wa njia hadi mwisho. Alikuja mara kumi na moja, kila mara asubuhi. Hakukubali kiti, alikaa mkekani, na alipoanza kutaja makaburi aligonga mkeka kwa kidole kana kwamba kila kaburi liko chini yake palepale. "Hipha," alisema, yaani hapa, "hipha kalala Mwanatumu, aliyekufa na uzazi. Na mwanawe yu ubavuni mwake, kajiwe kadogo hivi. Mimi ndiye niliyekishika kitoto, mwanangu, kilikuwa hakijapoa." Kisha akagonga pengine. "Na hipha ni Mwinyihamisi, huyu alikuwa na maneno huyu, hata siku ya kuzikwa alitupa taabu, kaburi likajaa maji." Niliandika "hapa", Mwalimu akanisimamisha. "Usimsahihishe. Andika alivyosema." Mimi, kumsahihisha mtu ilikuwa kama kupumua, lakini nikarudi nikaandika hipha, na baada ya siku mbili tatu nikaona kwamba neno lile lilikuwa limebeba ushahidi wote. Majina yalifika thelathini na manne.

Mashine ilianza kutuacha kidogo kidogo, kwa mpango wake. Mvua za Elnino zilikuwa zimeondoka lakini unyevu wake uliganda kwenye kila kitu, na chumvi ya bahari ikamalizia. Kwanza tundu la disketi liliota kutu, likawa linazimeza disketi na kuzitema bila kuandika chochote, kwa hiyo kazi yetu haikuweza kutoka mle ndani kwenda kuchapishwa popote. Kisha herufi ya m ikakwama. Nilikuwa naibonyeza kwa kitako cha penseli, na nikisahau, bibi wa watu aliingia kwenye ushahidi kama Ejuaa. Tulicheka sana kwa hilo. Kisha kioo kikafifia ikabidi nisome nimeinamisha kichwa, na mwisho, mwezi wa saba, ukaja mlio. Tk, tk, tk, kutoka ndani, halafu kimya, halafu mashine inaendelea kana kwamba haikusema kitu. Mwalimu alikuwa ameniambia tangu mwanzo, "Mwanamisi, andika kwanza daftarini, kisha upige chapa." Nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya kurudia na chuoni hatukufundishwa hivyo. Alicheka, akaniachia. Jibu lile nalo nimeishi nalo.

Mutua nilielekezwa na wafanyakazi wa hoteli. Alikuwa na chumba kimoja Ukunda, katikati ya bucha na fundi cherehani, ukutani kalenda ya kanisa lake na mezani matumbo ya redio na televisheni. Ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya vurugu za kuwafukuza watu wa bara, na watu wa bara waliobaki Ukunda walikuwa wakitembea kwa tahadhari, wanasalimia kila mtu. Mutua alisalimia zaidi ya wote. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mkewe yuko chumba cha nyuma na kichanga, ambaye ndiye Mwende huyu. Aliweka sikio juu ya mashine yangu, akafumba macho, akasikiliza. "Hii hard disk inaumwa, dada," akasema. "Ni hapa ndani kazi yako yote imekaa, na hapa ndani ndipo kumeharibika. Tuitoe kazi kwanza, mashine baadaye. Lakini lazima kuwe na computer nyingine, niziunganishe na waya, ivute kutoka hii iweke kwa ile." Alinikaribisha githeri, nikala nimesimama. Akaniuliza, "Sasa hii faili yako inaitwaje?" Nikamwambia, "Faili lako, Mutua. Faili hili. Li, ya." Akaangua kicheko. "Nyinyi watu wa pwani! Mtu anazama, nyinyi mnamsahihisha namna anavyoita msaada."

Ikawa ndio mzaha wetu. Alikuwa akija Kinondo kila wiki kuipa mashine matibabu, na kila akisema "hii faili" mimi nilikohoa, naye akajirekebisha kwa sauti ya mtoto wa shule. Lakini nataka nieleze kitu hapa, kwa sababu ndicho kilichokuja kutumaliza. Mimi nilipigia chapa makatibu maofisini, na kwangu faili ni lile jalada lenye karatasi nyingi ndani. Ushahidi wa wazee saba niliuweka pamoja, nikauita faili, moja. Kwa Mutua, kila andiko lililosimama peke yake kwenye kioo lilikuwa faili, na hayo yalikuwa manane, saba ya wazee na moja barua ya Mwalimu kwa kikao. Hatukuwahi kuligundua hilo, maana muda wote tulikuwa tunabishania ngeli. Na mlio ule ulipoanza, mara kwa mara nilimpigia kelele, "Zima, Mutua, zima!" naye akazima, tukaiacha ipoe chini ya dirisha. Nadhani hakuna neno alilolisikia kinywani mwangu mara nyingi kuliko hilo.

Kuchagua mashine mpya kulituchukua wiki nne, na wiki nne hizo hatukuwa nazo. Hoteli nyingi za Diani zilikuwa hazina wageni tangu vurugu, na moja ilikuwa inafungwa kabisa, inauza vitanda, mapazia, majokofu, na kompyuta mbili: laptopu iliyokuwa ya meneja, na kompyuta ya mezani iliyokuwa mapokezi, ya manjano kwa uzee. Mutua alitaka ya mezani. "Hii sehemu ikiharibika natoa sehemu, naweka ingine. Laptop ikiharibika, Mwalimu, umebeba chuma." Mwalimu alitaka laptopu, na sababu yake ilikuwa nzito: Bi Mejumaa alikuwa amedhoofika, baiskeli hawezi tena, na bado alikuwa na upande mzima wa kaskazini hajausema. "Yeye hawezi kutujia. Lazima kitu kinachoweza kumwendea." Mimi nilikuwa upande wa Mwalimu, kwa sababu ile na kwa nyingine nisiyoitaja: nilipenda kuonekana nimeibana kwapani. Mutua hakubishana. Aliiomba ile laptopu kwa siku moja, akaiwasha adhuhuri kwenye ukumbi mtupu wa kulia chakula, viti vimepinduliwa juu ya meza, tukakaa kuitazama. Aliweka kiganja chini yake kila baada ya muda. Kioo kilikuwa kizuri, herufi zote zinabonyea, m ikiwemo. Haikumaliza saa moja. Ilijizima yenyewe, na ilipokataa kuwaka Mutua akaigeuza akatuonyesha kutu ya kijani kando ya skrubu. "Imelala karibu na bahari sana," akasema.

Hata hivyo Mwalimu hakukata tamaa. Akaagiza watu Mombasa, akasikia habari za laptopu nyingine Lunga Lunga, ikawa si yenyewe, tukangoja mtu wa Tanga ambaye hakutokea. Siku zikaenda, na mashine yetu inagonga. Asubuhi moja nilimkuta Mwalimu amekaa chumba cha mbele amevaa kanzu na kofia, mapema kuliko kawaida, na mkewe haulizi chai. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Bi Mejumaa ametutangulia. Alfajiri." Nikasema kile tunachosema, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Akatikisa kichwa. Baadaye kabisa, tumesharudi mazikoni, tunakula pilau ya matanga ambayo haikuwa na ladha, akanigeukia. "Mwambie Mutua ainunue ile ya mezani. Sasa hatuna wa kumwendea."

Ile kompyuta ililetwa Ijumaa kwa mkokoteni, imefungwa godoro na leso kama mgonjwa. Mutua angekuja Jumamosi asubuhi kuziunganisha, na kikao cha Kwale kilikuwa Jumatano. Alikuwa amesema kwamba akimaliza kuhamisha kazi, angeifungua ile mashine kuukuu aitazame diski yake. Jumamosi hiyo nimefika tu, mkewe Mwalimu akapiga ukelele kutoka chumbani. Mwalimu alikuwa ameanguka, sukari imemshuka, jasho linamtiririka na maneno hayatoki. Jirani alikuwa na pikapu. Tukampakia kwenda hospitali ya Msambweni. Nilikuwa na mguu mmoja ndani ya gari nilipokumbuka. Nilirudi mbio, nikachana karatasi ya kalenda, nikaandika nyuma yake, nikaiweka juu ya kibodi, nikaiwasha mashine, ikajifungua pale tulipoachia Ijumaa, kwenye barua ya Mwalimu, ili aikute tayari. Niliandika hivi: "Mutua, nakili faili zima kabla hujafungua mashine. Nimempeleka Mwalimu Msambweni. M." Kiswahili safi, wala sikutia alama isiyohitajika.

Nilirudi peke yangu alasiri, Mwalimu kalazwa lakini amezindukana. Mutua alikuwa amekaa kwenye kizingiti, nje, bisibisi zake amezipanga mbele yake kwa urefu. Hakuniuliza habari za mgonjwa, na hapo nikajua. "Dada, imekataa kuamka," akasema. "Nimeijaribu mara nyingi sana. Inalia tu, haisomi." Nikamuuliza kama kazi ilitoka. "Nilinakili faili, nikazima, kama ulivyoandika. Kuiwasha tena, basi." Faili lipi, nikamuuliza. "Si ile ilikuwa wazi? Barua ya Mwalimu." Nikamtazama, naye akanitazama, uso wake ukaanza kubadilika kabla ya wangu. "Ulitaka zote?" Nikasema, "Faili zima, Mutua." Akayarudia maneno yale polepole, kwanza kama nilivyoyasema mimi, kisha kama alivyoyasoma yeye, amepumua katikati. "Faili zima. Faili... zima." Mimi niliingia ndani kuitafuta ile karatasi, nataka kuiona, au kuichana, sijui. Haikuwa juu ya kibodi wala sakafuni. Nikasema labda upepo umeipeleka, na nasema kweli ya Mungu, nilishukuru.

Jumapili nikaenda Msambweni. Wodi ilikuwa imejaa, dawa ya kuoshea sakafu inawasha macho, na kitanda cha pili wanawake wawili walikuwa wakinong'ona kuhusu mgonjwa wao kana kwamba hayupo. Mwalimu alikaa amegemea ukuta. Nilimweleza kwamba diski imekufa na maneno ya wazee yamekwenda nayo, ya Bi Mejumaa pia. Alitazama mikono yake. "Ilikuwa inafanya kazi Ijumaa," akasema. "Ilizimwaje? Nani aliyezima?" Nilikuwa na nafasi. Niliiona kabisa, ilikuwa mbele yangu pana kama mlango. Nikasema, "Mutua." Ni kweli ndiye aliyezima. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko kweli ile.

Mutua aliichukua diski akaenda nayo Mombasa kwa fundi anayemjua, akarudi, akaenda tena Jumatatu kwa mwingine, akarudi tena. Kwale tulipeleka karatasi moja, ile barua, ambayo tuliichapa kutoka kwenye kompyuta ya manjano. Ilianza kwa salamu na ikasema, "Nimeambatisha ushahidi wa wazee saba wanaoyajua makaburi haya." Karani aliigeuza akatazama nyuma, akauliza viambatisho viko wapi. Wale wazee sita walisimama wakasema yao, wakaulizwa mmoja mmoja kama waliona au walisikia, na mmoja mmoja wakajibu kwamba walisikia. Mwalimu alijaribu kuyataja majina kwa kichwa, akiwa amefumba macho. Alifika kumi na tisa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikamnong'oneza mengine mawili, tukakwama sote. Tulirudi Kinondo, na kabla mwaka haujaisha nguzo za ukuta zilikuwa zimesimama Kwa Mbega.

Maneno hayakuchelewa. Niliyasikia kwa masikio yangu bombani, wanawake wawili mbele yangu kwenye foleni. "Yule fundi wa bara kanunuliwa na mwenye hati." "Kwani hukujua? Wametolewa mbio mwaka jana, sasa wamerudi na ujanja mwingine." "Na Mwalimu alimkaribisha mpaka ndani!" Zamu yangu ikafika, nikafungulia maji, ndoo ikajaa, ikamwagika miguuni mwangu, nami nimesimama tu na kauli yangu mdomoni. Sikuisema. Wiki ile ile bango la Mutua likapakwa lami. Hoteli mbili zilizobaki zikaacha kumwita, na mwenye nyumba wake, aliyekuwa akimwita ndugu, akamwambia chumba anakitaka mwenyewe. Nilikuwa nikijiambia kwamba haya ni ya kupita, kwamba nikisema sasa itaonekana nimehongwa mimi, kwamba nikimweleza Mwalimu nitamuua. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote ziliishia kwangu.

Mara ya mwisho nilimwona akija kuaga. Tulikuwa chumba cha mbele, Mwalimu amerudi kitandani kwake cha kamba, mimi mbele ya ile kompyuta ya manjano ambayo ilifanya kazi vizuri kabisa, ikaendelea kufanya kazi vizuri miaka mitano. Mutua alivua viatu akasimama mlangoni. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, na alilisema sawasawa, kama nilivyomfundisha, asiruke silabi. Mwalimu hakuitikia. Nimezaliwa na kukulia pwani na sikuwahi kuona mtu mzima akiiacha shikamoo ikaanguka chini namna ile. Mutua akangoja. Akaitoa tena, "Shikamoo." Mkewe Mwalimu aliinuka akaenda jikoni. Vidole vyangu vilikuwa kwenye herufi, nikabonyeza moja, sijui ipi. Mutua akanitazama, akasogeza mkono kwenye mfuko wa shati lake, akaushikilia pale, nikadhani ni kifua kinamuuma. Kisha akauteremsha, akavaa viatu, akaenda zake. Kesho yake lori liliwabeba yeye, mkewe, kichanga na meza ya kazi. Mwalimu alikufa miaka miwili baadaye akiwa amemsamehe kwa mdomo wake mbele ya watu, na watu wakamsifu kwa moyo wake mkubwa.

Jumamosi nilimngoja Mwende kwenye mkahawa wa barabarani Ukunda, upande ule ule nisioutazama. Aliingia mrefu, mchangamfu, akanijua kabla sijamjua. "Shikamoo," akasema. Nikaitikia marahaba, na kwa sababu ilitoka ndogo nikaitikia tena. Tuliagiza chai na mahamri. Akanieleza baba yake alivyofungua duka jingine kwao, halikwenda, akaishia kulima, na hakupenda kuzungumzia pwani ila kwa mambo ya chakula. Kisha akatoa bahasha. "Hii ilikuwa ndani ya Biblia yake. Amekuwa nayo siku zote, mama anasema hata tukihama aliibeba yeye mwenyewe. Aliniambia tu nikupatie mkononi." Niliifungua. Ilikuwa karatasi ya kalenda, imekunjwa mara nne, mikunjo imefifisha wino lakini mwandiko ni wangu, ule wa chuoni, niliokuwa najivunia. Ilikuwa mfukoni mwa shati lake siku ile mlangoni. Angeitoa tu, Mwalimu angeitikia.

"Ni nini?" Mwende akauliza. Nikamsogezea. Akaichukua, akaisoma kwa sauti, na alipofika pale alipumua palepale alipopumua baba yake. "Mutua, nakili faili... zima kabla hujafungua mashine." Akaigeuza akatazama tarehe za nyuma, akarudi mbele, akakunja uso. "Sasa si baba alifanya hivi?"

"Alifanya hivyo, mwanangu," nikamwambia. "Alifanya hivyo hasa."